Wifi Aliyemtunzia Vidonge

Watu wote wa mtaa ule walimwita Mama Pindo. Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa ukaidi wake katika jambo moja tu, pindo la nguo. Mteja angejitazama kwenye kioo, aseme gauni limekaa vizuri, afungiwe aende zake. Mama Pindo angepiga magoti sakafuni, pini zimejaa mdomoni, aangalie upande huu na ule, kisha afumue. Hakuwa na maneno mengi. Wateja walinung'unika, lakini walirudi, tena wakaja na dada zao.

Alishonea chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazama barabara. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito ya umeme, na kochi la wateja lililobonyea katikati. Mumewe alikuwa fundi magari, mtu mpole mwenye mikono isiyotakata hata aisugue vipi. Watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni. Maisha hayakuwa ya anasa, ila yalikwenda.

Kulikuwa pia na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyeuza viatu vya mitumba sokoni. Huyu alikuwa na ulimi wa upupu. Tangu siku ya kwanza Mama Pindo alipoletwa ukweni, wifi alimwangalia juu mpaka chini akasema kaka yake angeweza kuchagua mwenye nyama kidogo. Miaka ilipita, nyama ikaja, na wifi akahamia kwenye mapishi. Kila walipokutana walirushiana maneno huku wanacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na miiba. Kama kungekuwa na mtu wa kumwambia Mama Pindo kwamba siku moja atamshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule, angedhani anataniwa.

Mambo yalianza kwenda mrama siku ya mvua. Alikuwa anapanda ngazi za duka la vitambaa, amebeba jora begani, akateleza. Alianguka chali, na jora likamfuata. Hospitali walimwambia pingili ya mgongo imepata ufa. Wakamlaza, wakamfunga mkanda mpana kiunoni, na siku ya kuruhusiwa wakampa vidonge vikali vya maumivu. Daktari alimweleza avitumie kwa wiki chache, kisha aache. Alimeza kama alivyoambiwa. Maumivu yalipungua, naye akaweza kukaa tena kwenye cherehani.

Lakini vidonge vile vilifanya na kazi nyingine ambayo hakuambiwa. Nusu saa baada ya kumeza, kitu kama joto la blanketi kilimpanda kutoka miguuni. Wasiwasi wa karo, wateja wenye haraka, maneno ya wifi, vyote vilikaa mbali, kama redio ya jirani. Alikuwa hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Alijiambia kwamba hiyo ndiyo afya inavyorudi.

Wiki zile chache zilipokwisha, akaenda duka la dawa akaomba nyingine. Akapewa. Kidonge kimoja kikaacha kutosha, akameza viwili. Siku moja alijaribu kukaa bila hata kimoja, na kufikia mchana jasho lilimtoka, makamasi yakamtiririka, na miguu ikamtambaa ndani kwa ndani kana kwamba imejaa sisimizi. Akameza, na yote yakatulia. Tangu hapo hakutafuta tena lile joto la blanketi, na kwa kweli halikuja tena. Alimeza ili aweze tu kusimama na kushika mkasi.

Maduka ya dawa ya karibu yalipoanza kumwuliza maswali, akaenda ya mbali. Ya mbali nayo yalipomkataa, akampata mwanamume aliyesimama karibu na stendi na begi la mgongoni, ambaye hakuuliza chochote. Vidonge alivificha ndani ya kopo la vifungo. Kwa mumewe alisingizia uchovu. Kwa wateja alisingizia umeme kukatika. Alikuwa mtu wa ukweli maisha yake yote, na sasa uongo ulimtoka bila hata kupepesa macho. Hilo lilimuumiza kuliko mgongo, naye kwa maumivu hayo alikuwa na dawa ile ile.

Siku ya aibu ilifika. Alikuwa anapiga pasi gauni la bibi harusi, kazi ya miezi, na usingizi ukamchukua akiwa amesimama. Alizinduliwa na harufu. Pasi ilikuwa imekula kifua kizima cha gauni. Mama wa bibi harusi alikuja, akaona gauni, akamwona fundi na macho yake mazito, akafungua mdomo barabarani. Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa na jina jipya la kumwita: teja. Waliokuwa na vitambaa kwake walikuja kuvichukua. Mwingine alimtuma mtu, asije akaonekana kwenye kochi lile.

Mumewe alisikia habari hizo gereji, kutoka kwa mteja, akiwa chini ya gari. Alirudi nyumbani, akapekua, akalifikia kopo la vifungo. Hakumpigia kelele. Aliketi kitandani, vidonge viko kiganjani, akalia. Mama Pindo hakuwahi kumwona akilia, na alisema baadaye kwamba angalau angepigwa, angejua pa kujishika.

Mume alipiga simu kwa ndugu zake. Mama yake alisema amrudishe kwao mpaka akili imkae. Baba yake mdogo alijua mahali ambapo watu wa namna hiyo hufungwa minyororo na kuchapwa mpaka wanyooke, na akatoa mfano wa mtu aliyepona. Alipoulizwa mtu huyo yuko wapi sasa, hakujua. Mume hakutaka kumrudisha, wala minyororo hakuitaka. Lakini na yeye aliamini kwamba ni suala la kukaza roho tu. Akavimwaga vidonge vyote chooni, akamweka mkewe chumbani na maji na mkate, akafunga kwa kufuli, akaenda kazini. Jioni alirudi, akamkuta anatetemeka na kutapika, akamfuta uso, akamwambia ajikaze, itapita. Asubuhi akafunga tena.

Wifi hakuja kuokoa mtu. Alikuja kugomba. Alikuwa ametoa kitambaa chake cha gauni tangu zamani, akazungushwa mpaka akachoka, na siku hiyo alitoka sokoni amefunga kibwebwe, akinuia kurudi na gauni au na kitambaa chake. Aliita mlangoni, kimya. Akaingia, akaona cherehani zimefunikwa, na mlango wa chumbani una kufuli kwa nje. Akausogelea akaita tena. Alichosikia ni kishindo cha kitanda kikigonga ukuta, kwa mpigo, bila kukoma.

Alichukua ile pasi nzito akalipiga kufuli mpaka komeo likang'oka na kipande cha mbao. Mama Pindo alikuwa sakafuni, ameegemea mguu wa kitanda, macho yamegeuka, mwili wote unatikisika. Wifi alimgeuza ubavu, akamtegemezea kichwa kwa mto, akasogeza kiti asijigonge. Degedege lilipoachia, alimshika hivyo hivyo, akampigia simu kaka yake, akamwambia maneno machache tu: "Njoo na gari lolote linalowaka. Mke wako anakufa, na kufuli ni lako."

Ilikuwaje muuza viatu akajua la kufanya? Alilijua kutoka kwa jirani yake wa sokoni, fundi viatu mmoja aliyeitwa Gundi. Huyo Gundi alikuwa ameliwa na unga ujana wake wote. Aliwahi kukamatwa, akapigwa na watu wenye hasira kwa kuiba sufuria, akafungwa, akatoka, akarudia. Kisha akapelekwa kliniki ya waraibu na mtu asiyemjua, akaanza kunywa dawa ya kila asubuhi mbele ya nesi, na taratibu akasimama. Alipopewa nafasi sokoni kando ya meza ya wifi, wifi ndiye aliyekwenda kulalamika kwa mwenyekiti kwamba ameletewa mwizi. Yule mwizi akawa ndiye anayemlindia viatu akienda kula. Wakiwa hawana wateja, Gundi alimsimulia. Ndiye aliyemwambia kwamba wapo wanaokufa kwa kukatishwa ghafla, kwa sababu mwili ulishazoea na hauna breki, na kwamba aliyeshikwa na degedege hulazwa ubavu. Wifi alisikiliza kama anayesikiliza mambo ya watu wengine.

Hospitali walimtuliza kwa dripu na sindano, na hali ilipokuwa nzuri wakampeleka kliniki ile ile ya Gundi, majengo mawili nyuma ya hospitali, yenye benchi refu na bomba la maji nje. Aliyewapokea alikuwa nesi mnene, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Aliwaketisha wote watatu. Mume aliinamisha kichwa, akaanza kueleza kwamba mkewe hakuwa mtu mbaya. Nesi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, hapa hatutafuti mbaya ni nani," akamwambia. "Ukiuwekea kijiti mti unaokua, miaka ikipita mti unakizunguka. Ukitaka kukitoa, hukivuti kwa nguvu, utapasua gome. Mwili wa mama umeizunguka dawa hii. Tutaitoa, lakini pole pole."

Mama Pindo, aliyekuwa amejikunyata pembeni, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli kwamba angeweza kuacha iwapo angetaka. Hilo ndilo aliloambiwa na kila mtu, na ndilo alilojiambia mwenyewe kila asubuhi.

"Kutaka kwako ndiko kulikokuleta ukiwa hai," nesi akasema. "Lakini kutaka peke yake hakutoshi, kama ambavyo hakutoshi kwa mwenye kisukari. Ndiyo maana sisi tupo."

Mama Pindo alilia hapo, na alieleza baadaye kwamba hakulia kwa huzuni. Tangu aanguke zile ngazi, huyo alikuwa mtu wa kwanza kumweleza kinachomtokea.

Mpango ukawekwa. Atapewa vidonge kwa kipimo, na kipimo kitapungua kadiri mwili utakavyokubali, na kila wiki atakuja kuketi na wenzake kuzungumza. Ila vidonge visikae mkononi mwake, wala ndani ya nyumba yake. Nesi akauliza nani atavitunza. Mume alifungua mdomo, lakini mkewe akamtangulia. Alisema baba watoto hawezi, akimwona mkewe analia tu atampa vyote.  Wifi akakohoa, akafungua mkoba wake, akanyoosha mkono.

"Nipe mimi," akasema. "Mimi hanilizi."

Hivyo ndivyo Mama Pindo alivyoanza kwenda sokoni kila siku asubuhi. Hakuna aliyemwambia kwamba kupona kutamaanisha kupita mbele ya watu wote waliomsema. Alipita kwenye duka la mama wa bibi harusi, akapita kwa wauza mboga walionyamaza akikaribia na kuanza tena akishapita. Siku za mwanzo alijifunika kanga mpaka machoni. Alipofika mezani, wifi alimpa kidonge na maji, akamtazama akimeza, akamwambia afungue mdomo ainue ulimi. Kisha akamnyooshea kigoda. Asiondoke mara moja, alisema, akae apange viatu, watu wasidhani amekuja kuomba.

Kwa hiyo alikaa akapanga viatu. Wifi alimkosoa kwa kila alichofanya: ameweka saizi za watoto na za wakubwa pamoja kama mtu aliyelewa, amefunga kamba kama anafunga mzigo wa kuni. Na Mama Pindo, ambaye kwa mwezi mzima hakuna aliyesema naye ila kwa kunong'ona kama wanaongea na maiti, alijikuta anajibu. Alimwambia wifi kwamba viatu vyenyewe vimechakaa kiasi kwamba hata mwenye navyo wa kwanza akiviona atavikana. Gundi alicheka mpaka akaangusha nyundo. Huko kutukanwa kwa kawaida, alisema Mama Pindo, kulimrudishia utu wake nusu nzima.

Gundi hakuwa mtu wa mahubiri. Siku ambazo kipimo kilipunguzwa na sisimizi wakamrudia miguuni, alimsogezea kopo la chai na kumwambia saa zile mbaya zaidi ni kama kupita kwa gari moshi: linatikisa nyumba, halafu linakwenda. Alimwambia pia aogope siku nzuri kuliko siku mbaya. Hilo hakulielewa wakati ule.

Alilielewa baadaye, wakati kipimo kilikuwa kimebaki kidogo sana. Alikuwa ameanza kushona tena, ameshapata mteja wa sare za shule, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Akiwa anapita stendi, alimwona yule mwanamume wa begi. Hakuwa na maumivu wala huzuni. Alijiambia kimoja tu, cha kusherehekea. Akakinunua, akakimeza papo hapo bila maji. Kesho yake akarudi kwa kingine. Siku ya tatu aliamka na mwili mzito, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaona njia mbili tu, kusema au kuanza tena kudanganya. Akapiga moyo konde akaenda sokoni.

Alimwambia wifi akiwa amesimama, bila kuketi, ili iwe rahisi kuondoka akifukuzwa. Alikuwa amejiandaa kwa ule ulimi.  Wifi alikuwa na kiatu cha kike mkononi, akakiweka chini taratibu karibu na mwenzake.

"Umekula?" akauliza.

Mama Pindo akasema hapana.

"Basi kula kwanza. Halafu twende kwa nesi."

Gundi alibaki akiangalia meza zote mbili. Wale wawili walikwenda kwa miguu, wifi mbele na mwili wake mkubwa akipasua watu, Mama Pindo nyuma. Njiani wifi alisema jambo moja tu, bila kugeuka. Alisema Gundi alianguka mara nyingi kabla ya kusimama, na ile sufuria aliyoiba ilikuwa ya wifi mwenyewe, na yeye ndiye aliyepiga kelele za mwizi. Waliompiga waliitikia sauti yake. Tangu amfahamu, kila siku anamwona akigonga misumari kwa mkono ambao vidole viwili havikunjiki tangu kipigo kile, na Gundi hajawahi kumtajia hata mara moja.  Mama Pindo aliharakisha, akamfikia, wakatembea sambamba.

Nesi hakushangaa. Alirudisha kipimo juu kidogo, akamwuliza alipita njia gani siku ile, na wakaitafuta njia nyingine ya kwenda sokoni isiyogusa stendi. Ilikuwa ndefu, tena ya vumbi. Aliifuata.

Mumewe naye alikuwa na safari yake. Alianza kuja kwenye mazungumzo ya kliniki, mwanzoni akikaa karibu na mlango kama mtu aliyekosea basi. Siku moja aliinuka akaeleza habari za kufuli, mbele ya watu asiowajua, naye hakujisafisha. Mwanamume mwingine, aliyekuwa amemfungia kijana wake nyumbani asubuhi hiyo hiyo, aliondoka kabla mume hajamaliza kusema, akakimbia kwenda kufungua. Baba mdogo alipopiga simu tena kuulizia kama wamefikiria habari ya ile sehemu ya minyororo, mume alimjibu kwa adabu kwamba mgonjwa wao ana hospitali, na akitaka kuja kumwona anakaribishwa, aje na matunda.

Kidonge cha mwisho kilimezwa asubuhi ya kawaida tu, soko limejaa, mtu anagombania bei ya raba. Wifi alimwambia afungue mdomo ainue ulimi, kama siku zote, kisha akaitikisa chupa tupu ya vidonge, akaitupa kwenye ndoo ya taka, akageukia mteja. Mgongo wa Mama Pindo bado unamsumbua siku za baridi. Ana mazoezi anayoyafanya amelala sakafuni, ana mto wa maji ya moto, na maumivu yakizidi husema mapema, kwa sauti. Wateja wamerudi, si wote. Mwenye gauni lililoungua hajarudi, na Mama Pindo hamlaumu. Gauni la wifi alilishona hatimaye, akalifumua pindo na kulirudia mpaka mwenyewe akaapa atalivaa bila pindo.

Alitaka kumshukuru vizuri. Aliwaza maneno kwa siku nyingi, na akachagua asubuhi ambayo soko lilikuwa kimya. Alianza na "Wifi, kama si wewe," na wifi akamkatiza, akamwambia asimwage machozi kwenye viatu vya ngozi, vitapauka. Akamgeukia Gundi, labda yeye angesikia. Gundi aliondoa misumari mdomoni.

"Mama, shukrani nzuri," akamwambia, "ni kesho uje tena."

Ndiyo maana bado huenda. Hana dawa ya kufuata, na kazi ya cherehani imejaa, lakini kila asubuhi hushika ile njia ndefu ya vumbi. Siku hizi kwenye kigoda cha pembeni mara nyingi huwa kuna mtu mgeni aliyejikunyata, aliyetumwa na nesi au aliyeokotwa na Gundi, anayetazama chini. Mama Pindo humsalimu, humpa chai, kisha humsogezea rundo la viatu avipange. Wifi huja nyuma yao kuangalia, na haipiti muda kabla hajaanza kukosoa.